Kipozi cha Injini: Jina Lililozaliwa Katika Baridi

Miongoni mwa istilahi za ufundi wa magari zinazomsumbua mfasiri, iko moja ambayo kosa lake haliishii katika karatasi bali hufika hadi kwenye injini. Nayo ni jina la kile kimiminika kinachochanganywa na maji ya rejeta, ambacho Waingereza wamekipa jina lenye maana ya "kipinga-kuganda", na mafundi wetu hulitamka antifrizi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupewa kijitabu cha matunzo ya gari akifasiri, naye akaandika bila kusita: "dawa ya kuzuia maji yasigande". Neno kwa neno, tafsiri ilikuwa sahihi. Dereva mmoja aliyeisoma alicheka, akauliza, "Ndugu yangu, tangu lini maji yakaganda Dar es Salaam?" Akakifunga kijitabu, akaendelea kutia maji ya kisima. Lawama haikuwa yake.

Ili kulielewa kosa hilo yafaa turejee nyuma kidogo. Gari la Carl Benz la mwaka 1886 lilipozwa kwa maji yaliyoachwa yachemke na kupotea kama mvuke, hata dereva akalazimika kuongeza mengine njiani. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach, huko Ujerumani, aliliundia gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 rejeta mfano wa sega la nyuki, yenye mirija midogo 8,070. Maji yaleyale sasa yalizunguka, yakichukua joto kwenye silinda na kulitoa kwenye upepo. Lakini maji yanayokaa ndani ya injini huganda humo humo wakati wa kipupwe cha Ulaya na Marekani, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, kiasi cha kuweza kupasua chuma. Madereva wa huko wakatia spiriti, ambayo ilizuia kuganda lakini iliwahi kuchemka kabla ya maji, ikapotea. Ndipo glikoli ya ethilini ilipoingia. Mwaka 1927 ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la Prestone. Jina la jumla la kimiminika hicho likashikamana na adui wa wateja wake, yaani barafu.

Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Glikoli huchemka kwenye nyuzi 197 za sentigredi. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, na zaidi ya hapo chini ya shinikizo la mfuniko wa rejeta. Wahandisi wa ndege waliitumia sifa hiyo mapema: injini za Merlin zilizorusha Spitfire mwanzoni zilipozwa kwa glikoli tupu, shabaha ikiwa injini istahimili joto linalozidi kiwango cha maji kuchemka, na rejeta iwe ndogo. Tena, kinachouzwa madukani leo hutiwa viungo vya kuzuia kutu. Sifa hizi mbili ndizo anazozihitaji dereva wa Dar es Salaam, na jina halimwambii hata moja.

Matokeo yake twayaona. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi; huleta kutu na ukoko, na mirija ya rejeta huziba polepole. Siku gari linapopanda Kitonga na shehena, sindano ya joto hupanda nalo. Fundi huombwa aiondoe themostati, kwa hoja ileile kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Rejeta hubaki imeziba vilevile, au mkanda wa feni umelegea vilevile, na injini sasa hukawia kufikia joto lake la kazi, ikila mafuta zaidi na kulika yenyewe.

Kwa hiyo napendekeza kimiminika hiki kiitwe kipozi, kutokana na kitenzi kupoza. Wapo watakaosema kwamba rejeta nayo ni kipozi. Naam, lakini rejeta ina jina lake tayari, kila gereji yalijua, na sioni sababu ya kulinyang'anya. Neno "dawa" ningeliepuka kabisa: glikoli ina ladha tamu na ni sumu iuayo, na mtoto aliyeambiwa kwamba chupa ile ni dawa aweza kudanganyika.

Fasili niliyoandika katika marekebisho ya kijitabu kile ni hii: "Kipozi: kimiminika kinachochanganywa na maji ya injini ili yasichemke upesi, yasilete kutu, na katika nchi za baridi yasigande. Ni sumu. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto."