Uvimbe wa mifupa: Upi ni saratani na upi si saratani?

Na Mwandishi Wetu, Karatu

UVIMBE unaojitokeza jirani na goti la kijana unaweza kuwa kitu cha kuishi nacho hadi uzeeni bila madhara, au ukawa saratani isiyostahili kusubiri hata mwezi mmoja. Kwa kuutazama na kuubonyeza tu, hata daktari bingwa hawezi kuapa ni upi.

Maradhi haya ni ya kale. Magharibi ya mji wa Karatu, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, liko Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus Julai 17, 1959. Mwaka 1932, msafara wa mumewe, Louis Leakey, ulipata huko Kanam, magharibi mwa Kenya, kipande cha taya chenye kinundu kidevuni. Wapo waliokiita kinundu hicho saratani; wachunguzi wengine baadaye walisema ni mfupa uliovunjika na kuunga vibaya. Lakini mwaka 2016 wanasayansi walitangaza saratani katika mfupa wa unyayo kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, wenye umri wa takriban miaka milioni 1.7. Wanaodai kuwa saratani imeletwa na vyakula vya kisasa, basi, wana kazi ya kueleza.

Uvimbe usio saratani ndio mwingi zaidi. Unaoongoza ni osteokondroma, kinundu kigumu chenye kofia ya gegedu, ambacho hukua pamoja na mtoto na kwa kawaida husimama mwili unapokoma kurefuka. Kikianza kukua tena ukubwani, kichunguzwe upya. Mwingine ni osteoidi osteoma: ni mdogo, lakini maumivu yake ya usiku ni makali, na hutulia kwa aspirini. Uvimbe wa seli kubwa, unaowapata hasa watu wa miaka 20 hadi 40, hauhesabiwi kuwa saratani, ila hula mfupa na mara nyingi hurudi baada ya kukwanguliwa.

Upande wa saratani, inayotisha zaidi kwa vijana ni osteosakoma. Huwapata hasa wenye miaka 10 hadi 25, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na hupenda sehemu zinazozunguka goti na sehemu ya juu ya mkono karibu na bega. Huanza kama maumivu yanayokuja na kuondoka, kisha hayaondoki. Kwa kuwa umri huo ndio wa mpira, kila mtu husema ni teke la uwanjani. Mguu hukandwa, hufungwa dawa za miti, na miezi hupita huku ugonjwa ukielekea kwenye mapafu.

Kwa watu wazima hali ni tofauti. Saratani nyingi zinazokutwa mifupani mwao zimetoka kwingine: titi, tezi dume, mapafu au figo. Mzee anayevunjika paja kwa kujikwaa tu achunguzwe na huko pia.

Si kila tatizo la mfupa ni uvimbe wa aina hii. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo, usaha huingia mifupani, na floraidi iliyozidi katika maji, jambo linalofahamika sana mkoani Arusha, hupinda miguu ya watoto.

Hatua ya kwanza ni picha ya eksirei, kisha kipande cha uvimbe hukatwa na kupimwa kwa hadubini. Kwa mkazi wa Karatu au Endulen, safari hiyo huweza kumfikisha KCMC mjini Moshi, au Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Osteosakoma iliyotibiwa kwa upasuaji pekee iliwaacha hai chini ya mgonjwa mmoja kati ya watano. Dawa za saratani zilipoongezwa, katika nchi zenye huduma kamili, hupona zaidi ya nusu ya waliowahi kabla haijasambaa.

Kipande hicho kichukuliwe na hospitali itakayofanya upasuaji wenyewe, kwani mkato uliopita mahali pasipofaa unaweza kumwaga seli za saratani kwenye nyama zilizokuwa salama, na mguu ambao ungeokolewa ukalazimika kukatwa.