Gego la Darasa la Kwanza

Kila Desemba sebule ya dada yangu, huku Kunduchi Mtongani, hugeuka duka la vifaa vya shule. Desemba iliyopita ilikuwa zamu ya mwanawe wa pili, aliyekuwa akisubiri kuanza darasa la kwanza Januari. Kwenye kochi palikuwa na sare mbili, soksi, madaftari yaliyokwisha kuvalishwa majalada ya kaki, na viatu vyeusi vilivyonunuliwa namba moja zaidi ili vifike mwakani. Dada alishika orodha na kalamu. Kila kilichopatikana alikipiga mstari.

Mtoto akapita na barafu ya ubuyu mkononi, midomo myekundu, pengo wazi mbele. Nikamwita, nikamwambia apanue mdomo.

"Mama mdogo, jino lenyewe nimeshalitupa juu ya bati," akasema.

Alidhani nalitafuta lile la pengo. Mimi nilikuwa natazama nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utotoni. Pale, upande wa chini kulia, ncha mbili nyeupe zilikuwa zimetoboa ufizi. Ulimi wangu ukaenda wenyewe mahali hapo hapo kinywani mwangu. Kwangu hapana kitu tangu mwaka 1999.

Jino hilo ni gego la kwanza la kudumu. Yako manne, mawili juu na mawili chini, na huanza kuota mtoto anapokaribia miaka 6. Meno mengine mengi ya kudumu hutoa taarifa: la zamani hutikisika, hung'oka, mtoto hulirusha juu ya paa, na nyumba nzima hujua. Gego hili halimsukumi mwenzake. Huota mahali ambapo hapakuwa na jino, bila damu wala pengo. Mzazi akiliona hulihesabu pamoja na ya utotoni, na likioza hujipa moyo kwamba litang'oka, litaota jingine. Haliwi hivyo. Ndilo hilo hilo, la kutafunia mpaka uzeeni.

Zamani kulikuwa na watu waliolichunguza jino hili kwa makini sana, ingawa si kwa ajili ya afya. Uingereza ilipitisha sheria ya viwanda mwaka 1833: mtoto wa chini ya miaka 9 asiajiriwe katika viwanda vingi vya nguo, na wa chini ya miaka 13 apunguziwe saa za kazi. Lakini nani angethibitisha umri, na watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa? Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alilipelekea Bunge kijitabu chenye jibu. Alikuwa amekagua vinywa vya watoto wapatao 1,000, akaonyesha kwamba meno husema umri kwa uhakika kuliko urefu wa mwili. Kinywa kikawa cheti.

Kwetu cheti kilikuwa mkono. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ililenga kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikawalazimu wazazi kuandikisha kila mtoto aliyetimiza miaka 7. Wengi hawakuwa na karatasi ya kuonyesha tarehe ya kuzaliwa. Mama yangu husimulia siku alipopelekwa kuandikishwa. Mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Vidole vikafika. Kisha mwalimu akamwambia acheke, akaliona pengo, akaandika jina. Mkono unaofika sikioni na gego linalochomoza nyuma ni wa umri ule ule, ila hakuna aliyemwambia mama apanue mdomo zaidi.

Meno ya mbele ndiyo yaliyopewa heshima siku zote. Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama 12, alikuwa na meno ya mbele ya juu yaliyochongwa ncha kwa desturi ya Wazanaki. Aliyaenda nayo Edinburgh, akarudi nayo, akaingia nayo Ikulu. Meno ya mbele yalisema mtu ametoka wapi na amefika umri gani. Ya nyuma yalitafuna tu.

Mama ana miaka 54, na magego yake yote manne yapo. Yeye huusifu mswaki wa mti. Utoto wake uliangukia miaka ya mwanzo ya 1980, siku za foleni na uhaba, ambapo sukari, sabuni na dawa ya meno vilikuwa vitu vya kupangiwa. Walisugua meno kwa kijiti kilichotafunwa ncha, kwa unga wa mkaa, na kwa chumvi, ambayo Kunduchi haikuwa shida kwa kuwa mashamba ya chumvi yako hapa hapa pwani. Mswaki wa mti ukitumiwa vizuri husafisha kweli. Lakini mimi nadhani kilichomsaidia zaidi ni kile kilichokosekana. Vita Kuu ya Pili ilipowanyima Wajapani sukari, matumizi yalishuka kutoka kilo 15 hivi kwa mtu kwa mwaka hadi gramu 200 mwaka 1946. Watafiti waliofuatilia magego ya kwanza ya watoto wa huko waliona kuoza kukipungua sukari ilipoadimika, na kurudi iliporudi.

Mimi ni mtoto wa enzi za ruksa. Nilizaliwa mwaka 1990, maduka yamejaa tena. Barafu getini mwa shule, pipi za chenji, soda siku ya sikukuu, chai ya vijiko vitatu asubuhi na jioni. Hakuna aliyekosea, wazazi waliokulia kwenye foleni waliona fahari kumpa mtoto utamu. Nilipofika miaka 9 jino likaanza kuniuma usiku. Bibi alinitia karafuu kwenye tundu, nikalala. Ilipofika wiki ya tatu shavu likavimba, nikapelekwa kwenye kliniki moja mjini. Jino likang'olewa. Mama aliuliza kama litaota jingine, akaambiwa bila shaka, ni la utotoni hilo. Nikalitupa juu ya bati, nikangoja. Nilingoja mpaka nikaingia sekondari.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linaniuma kuliko lile jino. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa chuo hicho wa huduma ya meno kwa jamii, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabili tatizo la kila siku la nchi yetu: mashine ya kutoboa jino inataka umeme, maji na fundi, navyo havipo. Wakaanza kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno inayogandamana na jino. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza saruji ya aina hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Yaani mwaka 1999 nilikalia kiti katika jiji lile lile ambako njia ya kuliokoa gego langu ilikuwa imebuniwa, ikasafiri dunia, na haikunifikia mimi niliyekuwa mwendo wa daladala mbili. Katika vituo vingi vifaa vya kuziba vilikosekana, na huduma ya kawaida ilikuwa koleo. Tena sisi wenyewe tulikwenda tumechelewa, kama watu wengi waendavyo: jino likishauma, si kabla.

Ndiyo maana sikumwachia mpwa wangu Desemba ile. Gego likichomoza huchukua mwaka au zaidi kufikia kimo cha wenzake. Muda huo wote liko chini, brashi hupita juu yake bila kuligusa, mifereji yake ni mirefu na gamba lake halijakomaa. Mtoto wa miaka 6 hawezi kulifikia peke yake. Mtu mzima asimame nyuma yake, aingize brashi kwa ubavu, alisugue gego peke yake kwanza, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi. Utamu uende na mlo badala ya kulambwa kutwa nzima. Na daktari alione kabla halijauma, kwa sababu mifereji ile huweza kuzibwa mapema.

Dada alinisikiliza, akakaa kimya kidogo. Kisha akachukua kalamu, na chini ya "kichongeo" akaandika "meno".

Jumanne tulimpeleka. Daktari alimpanulia mdomo, akaangaza, akasema la chini kulia limeanza kuota na la kushoto liko njiani. Tumrudishe yakishatoka vizuri ayazibe mifereji. Kwenye daladala ya kurudi mtoto alikuwa akilipapasa kwa kidole.

"Hili nalo nitalitupa kwenye bati lini?"

"Hili hulitupi," dada akamjibu. "Hili unakaa nalo."