Mdudu katika sikio la Speke

Watu wengi hudhani kimya ni dawa ya masikio. Mwulize mtu ambaye masikio yake yanavuma. Nilikwenda Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, kufuatilia habari za watemi wa Unyanyembe. Usiku wa kwanza umeme ukakatika, feni ikasimama, na sikio langu la kushoto likaanza filimbi yake: nyembamba, haina kituo. Nina miaka sita nayo, matunda ya kuandika habari za matamasha nikiwa nimesimama mbele ya spika. Nikawasha tochi ya simu, nikamsoma Speke.

John Hanning Speke alifika hapa Novemba 1857 pamoja na Richard Burton, wakati huo pakiitwa Kazeh, kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa. Vitabu vinamsimulia kwa macho yake, yaani maziwa aliyoyaona. Mimi namsoma kwa sikio.

Machi 1858 alikuwa Ziwa Tanganyika akitafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja dhoruba ikatikisa hema. Alipowasha mshumaa, wadudu weusi wakajaa humo ndani, aina ya mbawakawa, na mmoja akaingia sikioni mwake akaanza kuchimba. Speke akamimina siagi iliyoyeyushwa, mdudu hakutoka. Mwisho akachukua kisu kidogo akamchoma humo humo. Mdudu alikufa, ila sikio nalo lilipona? Likajaa usaha, uso ukapinda, majipu yakamtoka, siku nyingi hakuweza kutafuna akawa anakunywa mchuzi. Kwa miezi alikuwa karibu kiziwi. Tundu likatoboka kati ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio linapiga mluzi, na waliosikia wakacheka.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Mluzi wake ulisikiwa na kambi nzima. Wangu nausikia peke yangu. Sijui nani ana nafuu. Yeye alichekwa, mimi huambiwa nina mawazo mengi.

Juni walirudi Kazeh. Burton akabaki akiugua na kukusanya maneno ya lugha, Speke akaenda kaskazini na Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, akaitazama Nyanza akasema ndiyo chanzo cha Nile. Anaandika kwamba vipande vya mdudu, mguu, bawa, vilitoka na nta baada ya miezi sita au saba. Piga hesabu: siku ile mdudu alikuwa bado yumo.

Burton alibeza habari zake: Speke anauliza kwa Kihindustani kibovu, Bombay anageuza kwa Kiswahili, mwenyeji anapokea kwa lugha nyingine. Hoja nzuri. Lakini majibu yaliporudi yalipitia pia sikio lililooza, na hata hivyo Speke ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu ziwa.

Kilomita chache kutoka hapa ni Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Katika tiba yake ya homa, kwinini ilitolewa kila baada ya saa chache mpaka masikio yavume au mgonjwa azibe. Mvumo ndio ulikuwa kipimo cha dozi! Waliotundikiwa dripu ya kwinini enzi zetu wanaujua ule mlio. Wao, kwa kawaida, huwaisha dawa ikiisha mwilini.

Wangu haukuisha. Daktari wa masikio alitazama kama kuna nta, akanipima usikivu, akasema wazi kwamba kidonge cha kuufuta hana. Nisikae kwenye kelele bila vizibo, nisilale kwenye kimya kabisa, niupe ubongo sauti nyingine ndogo mpaka uzoee. Nilimkasirikia mwaka mzima, kisha nikagundua kuna siku zinapita bila kuukumbuka.

Asubuhi nikamwamkia mama mwenye nyumba. “Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?” Nikamweleza. Hakusema nina mawazo. Aliingia ndani akatoka na redio ya betri.

Usiku wa pili niliiweka chini kabisa, katikati ya stesheni mbili, ikichemka kama maji ya chai. Filimbi ilikuwepo. Nilisinzia Burton akiwa bado anabisha.