Ilimba ya Zawose

Kijana anayecheza sindimba Nanyamba, Mtwara, huenda hajui kwamba ngoma ya kwao iliishi jirani na ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, kwa miaka mingi. Sindimba ya Wamakonde ilivuma sana katika Kundi la Ngoma la Taifa. Kundi hilo lilipokwisha, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na ngoma za Mtwara zikafundishwa pamoja na muziki wa Wagogo wa Dodoma.

Mmoja wa walimu wa chuo hicho alikuwa Hukwe Ubi Zawose, Mgogo ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960.

Wengi humkumbuka kama mlinzi wa mila. Alikuwa hivyo, lakini alikuwa pia mvumbuzi, na upande huo haujasemwa vya kutosha. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Zawose alipiga ilimba kubwa zenye makumi ya vyuma, na vingine haviguswi kabisa. Huitikia vyenyewe vyuma vya jirani vinapolia. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, ndiyo maana kila sauti hutoka na mvumo wake. Mvumo huo si kasoro. Ndio utamu wenyewe.

Miaka ya 1940 mtunzi wa Marekani, John Cage, alikuwa akichomeka skrubu kati ya nyuzi za piano ili apate milio ambayo piano haina, akasifiwa kuwa amefungua njia mpya. Mgogo alikuwa na milio ya namna hiyo tangu enzi za mababu, na Zawose akaitanua: vyuma vingi zaidi, zeze lenye nyuzi nyingi zaidi, na koo lililoshuka hadi ngurumo kisha likapanda hadi sauti nyembamba kabisa.

Dunia ilimsikia kupitia albamu yake Chibite ya mwaka 1996, kisha Assembly ya 2002 aliyorekodi na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huohuo alizunguka Marekani akitumbuiza katika ziara ya mwanamuziki Peter Gabriel. Alifariki Bagamoyo mwishoni mwa 2003.

Zamani, wanawake wa ukoo wake waliimba nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti yake na mjukuu wake, walitoa albamu yao, Maisha, wakiwa mbele.