Umeme tuli na vumbi la santuri

Umeme tuli ni chaji inayojikusanya juu ya kitu na kubaki pale pale, bila kupita kama upitavyo umeme wa kwenye waya. Ingewezekana kuuita umeme wa msuguano, maana mara nyingi huzaliwa vitu viwili vikisuguana, lakini msuguano ni chanzo tu. Kinachomsumbua mwenye santuri ni huo utuli: chaji ikishakaa, haibanduki.

Tatizo ni vinili yenyewe, plastiki ya jamii ya PVC iliyoanza kuchukua nafasi ya sheleki baada ya kampuni ya Columbia kutoa santuri za mizunguko 33⅓ kwa dakika mwaka 1948. Vinili ni kihami, haipitishi umeme. Ukiichomoa santuri kwenye bahasha yake ya karatasi, msuguano huiachia chaji isiyo na pa kutokea. Isogeze karibu na mkono, malaika yatasimama. Iache wazi, vumbi la chumbani litaifuata, hasa hewa ikiwa kavu, kwa kuwa unyevu ndio unaosaidia chaji kuvuja.

Ndiyo maana kitambaa kikavu humponza mtu. Kadiri anavyosugua ndivyo anavyoongeza chaji, na vumbi alilolifuta hurudi kabla sindano haijashuka. Likiingia kwenye mifuo, sindano hulipitia, na hapo ndipo wimbo unapoanza kutatarika.

Kinachofaa ni burashi ya nyuzi za kaboni, kwa sababu kaboni hupitisha umeme. Shika mpini wake wa chuma kwa mkono mtupu, nyuzi ziiguse kidogo tu santuri inayozunguka, mzunguko mmoja au miwili, kisha uivute burashi taratibu hadi ukingoni. Chaji itapita kwenye nyuzi, mpini na mkono wako. Santuri iliyochafuka sana huoshwa kwa maji yaliyokenekwa, kwa kufuata mkondo wa mifuo na bila kulowesha lebo. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi. Spiriti isiguse kamwe santuri za sheleki, zile za mizunguko 78 kama alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, kwani huiyeyusha sheleki.

Basi anayeuziwa kifaa cha kusafishia santuri aulize kwanza: kinafuta vumbi tu, au kinaipa chaji njia ya kutoka?