Kisiwa na moto: matembezi katika ziwa Kivu

Hapa Likasi, mtu akipata konji na anataka kuona maji mengi, anaenda Mwadingusha. Anaangalia maporomoko, anakula samaki wa Kapolowe, jioni anarudi nyumbani. Watoto wetu wanafikiri ziwa Tshangalele lilikuwapo tangu Mungu aumbe dunia. Hapana. Ukuta uliojengwa juu ya mto Lufira njo ulilifanya. Mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya Union Minière, na bonde likafunikwa na maji. Tumeanza na ziwa letu kwa sababu tunataka kuongea juu ya ziwa lingine la nchi yetu ambalo nalo lilizibwa, lakini si kwa sima. Lilizibwa na moto.

Wataalamu wa mawe wanasema kwamba zamani sana maji ya Kivu yalikuwa yakienda kaskazini, kwa njia ya mto Nili. Halafu milima ya Virunga ikatapika, mawe ya moto yakajaza bonde, maji yakakosa njia. Yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata mlango upande wa kusini: mto Ruzizi. Ziwa Kivu liko juu, karibu metre 1460, na Ruzizi inayateremsha maji yake mpaka Tanganyika. Kutoka hapo yanapita Kalemie kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba. Nayo maji ya Panda, huu mto wetu wa Likasi, yanaingia Lufira, na Lufira inaingia Lualaba. Basi chini ya Kabalo ni maji mamoja tu. Kama ile njia haikufungwa, yangekuwa yanakunywewa Misri.

Visiwa ni vingi mule ziwani. Sisi tunachagua viwili.

Cha kwanza ni Tchegera, kidogo sana, karibu na Goma. Kiko katika parke ya Virunga, ile iliyoundwa mwaka 1925 kwa jina la Parc Albert. Ukikiangalia kutoka juu utaona umbo la mwezi mchanga: ni mdomo wa volkano ya zamani, maji yaliingia ndani yake. Ng'ambo kunaonekana Nyiragongo, na moto wake ukiwaka, usiku mawingu yanakuwa mekundu. Mlima huo si wa kuchezea. Ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mawe ya moto yalipita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, na watu walijenga tena juu ya mawe yale yale.

Pande zile kuna hatari nyingine isiyo na sauti. Hewa nzito inatoka ardhini, inakaa mashimoni na sehemu za chini. Mbuzi akiingia mule anakufa, na mtoto vile vile. Watu wa Goma wanaiita mazuku. Wataalamu wa Ulaya walichukua jina hilo letu na kuliandika katika vitabu vyao. Mara nyingi sisi njo tunaazima maneno kwao!

Cha pili ni Idjwi, kikubwa kuliko vyote, urefu wake karibu kilometre 40. Mawe yake si ya volkano, ni ya kale zaidi. Ulikuwa mgongo wa mlima, na maji yaliyozibwa yakauzunguka. Wengi walikitamani. Katika karne ya 19 Rwabugiri, mwami wa Rwanda, alimwua mwami Kabego wa Idjwi na kukishika kisiwa. Mapatano ya 1910 yalikiweka upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wadachi wakakichukua mwaka 1914, wakakiachilia 1916.

Lakini jambo tunalotaka mgeni aulizie kule ni muganuro, sikukuu ya mavuno mapya. Mwanahistoria David Newbury, katika kitabu cha mwaka 1991, ameonyesha kwamba watu wa Idjwi walitoka pande mbalimbali za ziwa, kila mmoja na ukoo wake. Katika muganuro kila ukoo ulikuwa na kazi yake mbele ya mwami, na bila ukoo mmoja sikukuu haikukamilika. Kwa namna hiyo waliokuja wakawa wenyeji. Sisi wa Likasi, tulioona mwaka 1992 na 1993 namna majirani walivyofukuzwa mpaka gare, hatuwezi kusoma habari hiyo haraka haraka.

Safari yenyewe iulizwe kwanza. Mwezi wa Januari 2025 M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Atakaye kwenda ajue hali ya njia kabla ya kufunga mizigo.

Siku atakapofika, ale sambaza. Zamani ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ya wakoloni ilibeba watoto wa ndakala kutoka Tanganyika na kuwatia mule, maana wenyewe hawawezi kupanda maporomoko ya Ruzizi. Wakazaa mingi. Sasa wavuvi wanatoka usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, wanapiga kasia kwa wimbo, na asubuhi bamama wanapima sambaza sokoni. Mtu wa Kalemie akiwala kule Idjwi, anakula samaki wa kwao.