Ngazi ya Ugumu katika Vitabu vya Marudio: Mfano wa Kwale

Katika miaka ya CPE, kabla ya 1985, Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya. CPE, iliyoanza 1966, ilipima Kiingereza, hesabu na maarifa ya jumla. Mwanafunzi wa Diani au Msambweni hakuwa na haja ya kitabu cha marudio ya Kiswahili. KCPE ilipoingia pamoja na mfumo wa 8-4-4, haja hiyo ilizuka, na vitabu vikafuata.

Vitabu hivyo viliiga karatasi ya mtihani. Katika miaka ya mwisho ya KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho 2023, karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50: 15 ya kujaza mapengo, 15 ya sarufi na msamiati, 20 ya ufahamu. Marudio yalianza na umoja na wingi na upatanisho wa ngeli, yakapanda hadi methali na msamiati maalumu. Aghalabu ugumu haukuongezwa kwa kuleta kanuni mpya, bali kwa kuyakaribisha majibu manne hata yakafanana. Hiyo ni ngazi ya mtahini, wala si ya lugha.

Nayo ilipimwa kutoka wapi? Kidigo na Kiswahili ni ndugu katika kundi la Kisabaki, na udugu huo ndio unaotatiza. Mtoto wa Kidigo husema atu kwa watu, mudzi kwa mji, madzi kwa maji; kiambishi ki- kwake ni chi-. Zoezi la kwanza, linalodhaniwa jepesi, humkuta palepale lugha hizi mbili zinapokaribiana mno. Kwa upande mwingine, swali la kusi na kaskazi, au la ngalawa, likiwekwa mbali kitabuni kama msamiati mgumu, huwa jepesi kwa mtoto wa mvuvi.

Wengi wa watoto hao, kwa kuwa jamii ya Wadigo ni ya Waislamu kwa wingi, walipanda pia ngazi ya chuo cha Kurani: herufi, irabu, kuziunga, kisha Juzuu Amma, wakianzia sura fupi za mwisho wa Msahafu. Humo ugumu ni urefu wa sura na usahihi wa matamshi, na mwalimu husikiliza kwanza ndipo amsogeze mwanafunzi mbele. Aliyekosea zoezi la kwanza la kitabu cha marudio hufungua la pili vivyo hivyo, na alama ya mkasi aliyowekewa haimwelezi kama hakuijua kanuni au alijibu kwa Kidigo.